Nafasi Tano Zilizoachwa Wazi

Tarehe 12 Agosti 1981 shirika la IBM, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa limezoea kukodisha mitambo yake mikubwa ya hesabu kwa serikali, mabenki na makampuni ya bima, na ambalo halikupenda mteja aguse hata parafujo ya mtambo aliokuwa akiulipia kodi, lilitangaza mjini New York kompyuta ndogo ya kuwekwa mezani, nambari 5150, ambayo mnunuzi aliruhusiwa, na zaidi ya hayo alitarajiwa, kuifungua kwa bisibisi yake mwenyewe. Naye akiisha kuuvuta mfuniko wa chuma na kuuweka kando, aliona juu ya ubao mama nafasi tano nyembamba zilizopangwa sambamba, kila moja ikiwa na miguso 62, zikisubiri kadi ambazo nyingi kati yake zilikuwa bado hazijabuniwa na mtu yeyote.

Nafasi za namna hii hazikuwa uvumbuzi wa IBM. Kompyuta ya Altair 8800, iliyotoka Albuquerque katika kiwanda cha Ed Roberts na kutangazwa katika jarida la Popular Electronics la Januari 1975, ilikuwa tayari na njia ya miguso 100 ambayo watengenezaji wengine hawakukawia kuiuzia kadi zao. Na mwaka 1977, Apple II ilipokuwa ikitengenezwa, Steve Wozniak alishikilia kwamba lazima iwe na nafasi nane, hali mwenzake Steve Jobs akiona mbili zatosha. Waliotumwa na IBM kwenda Boca Raton katika jimbo la Florida, chini ya uongozi wa Don Estridge, walikuwa wameyaona hayo yote, na kwa kuwa walipewa muda wa kama mwaka mmoja tu hawakuwa na wasaa wa kubuni kila kitu upya: prosesa waliichukua kwa Intel, programu ya kuendesha mtambo wakaitaka kwa Microsoft, na viendeshi vya diski laini wakavinunua kwa Tandon. Lililo kubwa kuliko nafasi zenyewe ni kitabu. IBM ilichapa na kuuza kitabu cha ufundi chenye michoro ya saketi zote pamoja na matini kamili ya programu ya BIOS iliyofungiwa ndani ya ubao, na kwa hivyo mtu yeyote, popote alipo, aliweza kusoma kila mguso una kazi gani na kutengeneza kadi yake pasipo kuomba ithini ya mtu.

Wanaoandika tarikhi ya kompyuta aghalabu husimama hapa na kuusifu uwazi huo, na kwa hakika unastahili sifa. Walakini naona huipita kwa haraka gharama yake, ambayo haikulipwa na IBM wala na waunda kadi. Kadi mbili zilizobuniwa na watu wasiojuana, katika miji miwili iliyo mbalimbali, zilikutana kwa mara ya kwanza ndani ya sanduku la mtu wa tatu, na huyo wa tatu, ambaye pengine ni karani wa hesabu au mwalimu wa shule, ndiye aliyetwishwa kazi ya kuzisuluhisha. Habari ya kadi na diski za kompyuta za zamani, kwa maoni yangu, ni habari ya jinsi kazi hiyo ya usuluhishi ilivyomtoka mwenye mali polepole, kwa muda wa miaka ishirini na zaidi, ikahamia ndani ya vyombo vyenyewe.

Nafasi tano huonekana nyingi mpaka mtu aanze kuzijaza. Kompyuta ya 5150 haikuweza kuonyesha hata herufi moja kwenye kioo bila kadi ya picha, haikuweza kusoma diski laini bila kadi ya kuidhibiti, na kwa kuwa ubao wake ulikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16 mpaka 64 tu, mwenye kazi ya maana alihitaji kadi ya kumbukumbu, kisha kadi ya mawasiliano ya modemu, na nafasi zikawa zimekwisha kabla ya haja zake. Katika dhiki hiyo wageni walipata riziki yao. Vijana watatu, Safi Qureshey kutoka Karachi, na Albert Wong na Thomas Yuen kutoka Hong Kong, ambao herufi za kwanza za majina yao zilizaa jina la kampuni ya AST, walitia kumbukumbu, saa yenye betri, mlango wa printa na mlango wa modemu katika kadi moja iliyoitwa SixPakPlus, wakatajirika. Van Suwannukul, mwanafunzi kutoka Thailand aliyetaka kuandika tasnifu yake kwa herufi za Kithai na kuona kwamba kadi ya IBM ya maandishi haimudu, alibuni kadi yenye nukta 720 kwa 348, na kadi hiyo ya Hercules, iliyotoka mwaka 1982, ikawa desturi ya ofisi zisizohesabika ambazo hazikuwa na habari yoyote ya Kithai. Sidhani kama mkutano wowote wa wakurugenzi wa IBM ungalipitisha haja ya mwanafunzi huyo kuwa sababu ya kutengeneza bidhaa.

Sasa tuingie katika mushkeli wenyewe. Kadi inapokuwa na jambo la kuiambia prosesa, kama kwamba baiti imewasili kutoka modemu, huwa na njia ya kuikatiza kazi yake na kuiita, na njia hizo, ambazo mafundi huzijua kwa jina la IRQ, zilikuwa nane tu katika kompyuta ile ya kwanza. Ya sifuri ilikuwa ya saa, ya kwanza ya kibodi, nazo hazikufika kwenye nafasi za kadi kabisa. Ya sita ilikuwa ya diski laini, ya saba ya printa, ya nne na ya tatu za milango ya mawasiliano, na ya tano baadaye ikachukuliwa na diski kuu. Aliyekuja na kadi nyingine baada ya hapo alibakiwa na ya pili, ama sivyo ampokonye aliyetangulia. Tena ubuni wa umeme wa njia hizo haukuruhusu kadi mbili kushirikiana njia moja kwa salama; zikishirikiana, mara mmoja husikiwa na mwingine hupuuzwa, mara kompyuta huganda kimya, na hakuna tangazo lolote la kumwambia mwenye mali ni kadi gani iliyogombana na ipi. Fauka ya hayo zilikuwako njia nne za kupitisha data kwenda katika kumbukumbu bila kupitia prosesa, nazo mbili zilikuwa zimekwisha kushikwa tangu mwanzo, na zilikuwako anwani za milango, ambazo vivyo hivyo hazikubali wenyeji wawili.

Dawa ya hayo yote ilikuwa ni swichi na jampa. Kwenye ubao wa 5150 kulikuwa na safu mbili za swichi nane nane, ndogo kiasi cha kusukumwa kwa ncha ya kalamu, ambazo kwazo mtu aliieleza kompyuta ina viendeshi vingapi vya diski laini, kumbukumbu kiasi gani na kadi ya picha ya aina ipi; na kwenye kadi zenyewe kulikuwa na vipini vya shaba vilivyosimama viwili viwili, vikiunganishwa kwa kofia ndogo ya plastiki yenye chuma ndani, ambayo ikianguka sakafuni hupotea, na maana ya kila jozi iliandikwa katika karatasi ambayo nayo hupotea. Fundi mwenye hadhari aliandika ndani ya mfuniko wa sanduku, au katika daftari, kila kadi imepewa nini. Kadi ya sauti ya Sound Blaster, iliyotolewa mwaka 1989 na kampuni ya Creative ya Sim Wong Hoo huko Singapore, ilifanya elimu hii iwafikie hata watoto: ili mchezo utoe sauti, kijana alilazimika kujua kwa moyo kwamba kadi yake iko katika anwani 220, inatumia IRQ ya saba au ya tano, na njia ya data ya kwanza. Wako watu wazima leo ambao wamesahau nambari za nyumba walizokulia lakini hizo wanazo.

Diski kuu ina habari yake, tena ndefu zaidi. Ya kwanza kabisa ilitoka IBM mwaka 1956 pamoja na mtambo wa RAMAC, ikiwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, na uwezo wa kuhifadhi herufi milioni tano. Kitu cha namna hiyo hakikuwa na la kufanya mezani kwa mtu. Ilikuwa mpaka mwaka 1980 ndipo kampuni iliyoanzishwa na Alan Shugart na Finis Conner, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Seagate, ilipotoa ST-506 ya megabaiti 5, yenye kimo na upana sawa na kiendeshi cha diski laini cha wakati huo, ikafuatiwa na ST-412 ya megabaiti 10. Kompyuta ya 5150 haikuwa tayari kwa mgeni huyo: sanduku lake la umeme lilitoa wati 63.5 tu, ambazo hazikutosha kulisha mota yake pamoja na kadi nyingine. Kwa hiyo IBM ikatoa XT, tarehe 8 Machi 1983, yenye diski ya megabaiti 10 ndani yake, umeme wa wati 130, na nafasi nane mahali pa tano. Lakini nafasi ya nane ilikuwa na tabia yake, ikakataa kadi nyingi zilizokubaliwa na ndugu zake, jambo ambalo lilimghadhibisha kila asiyesoma kitabu.

Kuiweka diski ya zama hizo kulitaka subira. Ilikuwa na kebo mbili, moja pana ya nyaya 34 iliyochukua amri na moja nyembamba ya nyaya 20 iliyochukua data, zikitoka katika kadi ya kidhibiti. Na kwa kuwa kebo ya diski laini nayo ilikuwa ya nyaya 34, na zote mbili zilikuwa na sehemu iliyosokotwa karibu na mwisho ili kiendeshi cha mwisho kitofautishwe na kile cha kati, ila msokoto wa moja haukuwa katika nyaya zile zile za nyingine, aliyezibadilisha kwa kutojua alipata mtambo usiofanya lolote. Kiendeshi cha mwisho wa kebo kilibaki na kipande chake cha vizuizi vya umeme, na vingine vyote vikanyang'anywa. Ukingo wenye rangi nyekundu sharti uelekee mguso wa kwanza. Baada ya hayo ndipo kazi ya kuifomati ilipoanza, maana diski ilifika ikiwa haina alama ambazo kidhibiti hiki mahususi kingezielewa, na alama zilizoandikwa na kidhibiti cha kampuni moja kwa kawaida hazikusomeka na cha kampuni nyingine. Kwa vidhibiti vingi, fundi alifungua programu ya DEBUG, akaandika g=c800:5, yaani aliiamuru prosesa iruke moja kwa moja mpaka anwani fulani ndani ya chipu ya kadi na kuanza kutekeleza ilichokikuta huko; kisha akaulizwa maswali, na kimojawapo alichotakiwa kukijaza ni orodha ya mahali palipo na kasoro, ambayo kiwanda kiliibandika juu ya diski yenyewe, silinda kwa silinda na kichwa kwa kichwa.

Swali jingine lilikuwa la mpangilio wa sekta, nalo ndilo linalonipendeza kuliko yote kwa sababu linaonyesha jinsi mashine hizo zilivyokuwa na mwendo usiolingana. Diski ilizunguka mara 3,600 kwa dakika, na kila mzingo wake ulikuwa na sekta 17. Kompyuta ya XT, ikiisha kusoma sekta moja, ilichelewa kuimeza, na ilipokuwa tayari kwa inayofuata, hiyo ilikuwa imekwisha kupita chini ya kichwa, ikabidi kungojea mzunguko mzima. Basi sekta hazikuandikwa kwa mfuatano wa moja, mbili, tatu. Baina ya moja na mbili ziliachwa nyingine, na katika XT mpangilio wa desturi ulikuwa sita kwa moja, hata mzingo mmoja ukahitaji mizunguko sita kusomwa wote. Aliyechagua tatu bila kompyuta yake kuimudu alipata diski iliyokwenda polepole kuliko ya jirani aliyeridhika na sita. Mafundi wazoefu tena waliiacha diski ipate joto kwanza, na katika hali ile ile itakayofanyia kazi, ikiwa ya kulala au ya kusimama kwa ubavu, kabla ya kuifomati, kwa sababu chuma hutanuka, na vichwa vilivyosukumwa kwa mota ya hatua havikuwa na njia ya kujua kwamba mizingo imesogea.

Kompyuta ya AT, ya Agosti 1984, ilileta nafasi ndefu zaidi zenye biti 16, njia za IRQ zikafika 16, na zile swichi nyingi zikaondoka, zikarithiwa na kumbukumbu ndogo inayohifadhiwa na betri. Ndani ya BIOS yake kulikuwa na jedwali la aina 14 za diski, kila aina na idadi yake ya silinda na vichwa, na mwenye kuweka diski alichagua nambari. Yafaa tukumbuke kwamba jedwali hilo lilichongwa ndani ya chipu. Diski iliyotoka kiwandani mwaka uliofuata, ikiwa na kipimo ambacho waandishi wa jedwali hawakukijua, haikuwa na nambari, na mwenyewe alichagua aina ndogo iliyokaribiana nayo, akapoteza megabaiti alizozilipia. Baadaye watengenezaji wa BIOS waliongeza aina ya 47, ambayo mtu hujaza vipimo mwenyewe.

Ukombozi wa upande wa diski ulianza kwa wazo jepesi: kwa nini kidhibiti kisifungwe pamoja na diski? Kampuni ya Plus Development ilitangulia mwaka 1985 kwa Hardcard, diski ya megabaiti 10 iliyobanwa juu ya kadi na kuchomekwa katika nafasi kama kadi nyingine yoyote. Mwaka uliofuata Compaq, Western Digital na Control Data wakatoa utaratibu wa IDE, ambamo elektroniki zote za kudhibiti zilikaa juu ya diski, na kilichobaki upande wa kompyuta ni kebo moja ya nyaya 40 na kadi isiyo na akili yoyote. Diski ilifomatiwa kiwandani. Kasoro zake ilizificha yenyewe. Mpangilio wa sekta ukawa siri yake. Hata idadi ya silinda na vichwa iliyoieleza kompyuta haikuwa ya kweli. Aliyezoea kuandika c800:5 akaambiwa aache, na wako walioshindwa kuacha, wakaziharibu diski zao. Ugomvi haukwisha wote, kwa kuwa kebo moja ilibeba diski mbili, moja sharti iwekewe jampa ya bwana na nyingine ya mtumwa, istilahi mbovu ambazo zilidumu muda mrefu kuliko zilivyostahili, na katika miaka ya mwanzo diski za viwanda viwili ziliweza kukataa kabisa kukaa pamoja hata jampa zikiwa sawasawa.

Upande wa kadi, IBM yenyewe ndiyo iliyojaribu kwanza kuleta amani, na namna ilivyojaribu ndiyo iliyoiponza. Tarehe 2 Aprili 1987 ilitangaza kompyuta za PS/2, ambazo nyingi kati yake zilikuwa na njia mpya iitwayo Micro Channel: kadi hazikuwa na jampa, kila moja ilikuwa na nambari ya utambulisho, na programu iliyokuja katika diski laini ilisoma nambari hizo na kugawa njia na anwani kwa haki, na njia za IRQ ziliweza kushirikiwa. Kwa ufundi njia hiyo haikuwa na la kulaumiwa. Illa kadi za zamani hazikuingia, na aliyetaka kutengeneza za njia hiyo alipaswa kwenda kwa IBM na kulipa. Kampuni tisa, zikiongozwa na Compaq, zilijibu Septemba 1988 kwa kutangaza EISA, njia ya biti 32 iliyopokea pia kadi za kale katika nafasi zile zile. Nayo haikuenea sana, kwa kuwa ilikuwa ghali, lakini ilitosha kuthibitisha kwamba wanunuzi wangevumilia jampa kuliko kutupa kadi zao.

Suluhu iliyofaa ilikuja mwaka 1993, wakati Intel na Microsoft walipotoa kanuni za kadi zinazojitambulisha za ISA, yaani ile njia ya kale ya 5150 na AT, bila kubadilisha nafasi hata kidogo. Tatizo lilikuwa gumu: kadi zote zilizochomekwa husikia amri ile ile kwa pamoja, sasa utaizungumzishaje moja nazo hazina majina? Kila kadi ikapewa nambari ya biti 72, isiyofanana na ya kadi nyingine. Kompyuta inauliza biti moja moja, na kadi ambayo biti yake ni moja hutoa ishara, na ambayo biti yake ni sifuri husikiliza, ikisikia mwenziwe ametamka hunyamaza na kujitoa. Nambari ikiisha kusomwa yote hubaki kadi moja tu, hupewa cheo chake, kisha zilizonyamaza huanza upya mpaka zote ziishe. Njia ya PCI, iliyotolewa na Intel mwaka 1992, haikuhitaji mbinu hiyo, kwa kuwa kila kadi yake ina daftari la baiti 256 ambalo kompyuta hulisoma inapowashwa. Windows 95 ilipotoka, Agosti 1995, iliahidi kwamba mtu atachomeka tu na kutumia, ahadi iliyotimia pale ambapo kadi zote zilikuwa mpya, na kugeuka mashaka pale kadi moja ya jampa ilipobaki sandukuni bila kujitaja.

Wakati huo huo diski zilikuwa zimegonga ukuta usiotarajiwa. BIOS ilihesabu silinda mpaka 1,024, vichwa mpaka 256 na sekta mpaka 63. Utaratibu wa IDE ulihesabu silinda mpaka 65,536 lakini vichwa 16 tu. Kila mmoja peke yake alikuwa na nafasi tele, ila walipokutana ilibidi kuchukua kipimo kidogo cha kila upande, kama kanzu iliyokatwa mikono na fundi mmoja na kiwiliwili na mwingine, ikawa 1,024 kwa 16 kwa 63 kwa baiti 512, yaani megabaiti 504, wala si zaidi. Diski za ukubwa huo zilipoanza kuuzwa, katika miaka ya mwanzo ya 1990, watu waliweka programu maalumu mwanzoni mwa diski ili iidanganye BIOS kabla mfumo haujaamka, mpaka BIOS mpya zilipojifunza kuhesabu sekta kwa nambari moja tu tangu mwanzo wa diski hata mwisho wake.

Mwaka 2003 zikaanza kuuzwa kompyuta zenye SATA, ambamo kila diski ina kebo yake pekee, na jampa za bwana na mtumwa zikakosa kazi. Nafasi za ISA nazo zilikuwa zimekwisha kutoweka katika mbao nyingi. Waliobaki na mashine za zamani, nao ni wengi kuliko mtu anavyodhani, siku hizi huondoa kwanza betri ya AT kabla haijavuja na kuzila njia za shaba za ubao, kisha badala ya diski ya kuzunguka iliyochoka huweka kadi ya CompactFlash, ambayo kwa asili yake huzungumza lugha ya IDE na huhitaji kigeuzi tu cha miguso. Katika XT, isiyojua IDE kabisa, hutumia kadi ya biti 8 inayotengenezwa na mafundi wa hiari, yenye programu iliyo wazi kwa kila mtu iitwayo XTIDE Universal BIOS. Lakini katika kompyuta ya mwaka 1990 au 1991 ambayo BIOS yake haijabadilishwa, mwenye kadi ya gigabaiti 2 atachagua aina ya 47, ataandika silinda 1,024, vichwa 16, sekta 63, na atapata megabaiti 504.